Pigo Lisilopenya

Mtu ambaye maisha yake yote hajapigwa hata kofi la maana alikuwa ameandika kurasa sabini na nne juu ya namna binadamu anavyopigwa risasi. Alizitoboa matundu, akazifunga kwa uzi wa kijani, akaingia nazo kantini Jumapili mchana amezikumbatia kama mtoto mchanga. Nyuma ya mgongo wake aliitwa Jedwali. Mbele yake aliitwa Afisa, maana ndiye aliyekuwa Afisa Usalama wa kampuni ya ulinzi, na kila karatasi iliyohusu mlinzi kuumia, kupona au kufa ilipitia mezani kwake.

Koplo alimwona akiingia, akajua raha ya Jumapili imekwisha.

Koplo mwenyewe hakuwahi kuwa koplo. Jeshi alilijua kwa kulitazama likipita kwenye gwaride, basi. Jina alipewa na wenzake kwa sababu ya kusimama wima hata anapokunywa chai, na siku hizi alisimama wima zaidi, kwa kuwa kuinama kulimtoa machozi. Wiki tatu nyuma, akiwa kwenye gari la kusindikiza shehena ya simu, mtu mmoja alichomoza nyuma ya kontena pale ghalani akampiga risasi ya kifua. Fulana ya kuzuia risasi ikaizuia. Koplo akatupwa chini, mbavu mbili zikapata ufa, pafu likavia damu, na tangu hapo alikuwa akilala ameketi, mto mmoja mgongoni na mwingine kwapani, mkewe akimwinua kila anapoteleza. Daktari aliandika wiki sita za kutobeba kitu. Kampuni ilimweka getini kwa muda, awe anafungua na kufunga, wakati Idara ya Usalama ikiamua kama kweli ameumia.

Idara ya Usalama ilikuwa Jedwali na kiti chake.

Akiamuliwa kuwa ameumia, Koplo angekaa getini mpaka apone. Akiamuliwa kuwa hakuumia, angerudi garini, avae fulana ya kilo tisa juu ya mbavu zenye ufa, apakie na kupakua makreti, na asiporudi siku iliyoandikwa ahesabiwe kuwa ameacha kazi mwenyewe. Uamuzi ulitegemea fomu, na fomu ilitungwa na Jedwali. Swali la nne liliuliza: Risasi ilipenya? Ukitia alama kwenye Hapana, mshale unakurusha moja kwa moja hadi ukurasa wa mwisho, penye sahihi. Maswali yote ya maumivu yalikuwa katikati, kwa ajili ya waliotobolewa. Cheti cha daktari Koplo alikibana nyuma kwa pini, maana fomu haikuwa na mahali pa kukiweka.

Lakini Jumapili haikuwa siku ya fomu, ilikuwa siku ya mchezo.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza na mgumu kuuacha. Watu wanakaa mezani, na mmoja wao ni msimulizi. Msimulizi anasimulia safari, na kila mchezaji ana mhusika wake ndani ya safari hiyo, anamsemea na kumwamulia la kufanya. Jambo likiwa la kubahatisha, inatupwa dadu. Msimulizi wao alikuwa Mama Kantini, mpishi, mwanamke wa maneno machache jikoni na mengi mezani, aliyeweza kumuua mhusika wako kwa sentensi moja huku anamenya vitunguu. Kwa miaka minne kanuni zake zote za vita zilikaa nyuma ya trei ya mayai, kwa kalamu ya wino mzito: Ukipigwa risasi, tupa dadu. Moja au mbili, umekufa. Tatu au nne, umeumia, kaa chini. Tano au sita, imekukosa, shukuru Mungu.

Koplo aliipenda ile trei. Mhusika wake alikuwa mwoka mikate, mtu mnene na mwoga, aliyefuatana na msafara wa punda waliobeba dawa kuvuka milima. Mwoka mikate hakuwahi kushika bunduki. Siku sita Koplo alishika bunduki kwa ajili ya mali za watu, na ya saba alitaka kukanda unga.

Jedwali alikuwa amejialika mwenyewe miezi miwili iliyopita. Alisikia vicheko akiwa ofisini kwake mwisho wa ukumbi, akaja kuuliza kama shughuli hiyo ina kanuni za maandishi. Akaonyeshwa trei ya mayai. Aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Hii haina uhalisia," alisema.

Uhalisia ndio ulikuwa ugonjwa wake. Mtu huyu alivaa viatu vya kuzuia misumari ofisini kwenye zulia. Bunduki pekee aliyowahi kuifyatua ilikuwa ya maji, ya mtoto wa dada yake, lakini alizijua bunduki arobaini na tatu kwa uzito na urefu wa mtutu, na alikuwa tayari kukuelimisha wakati unatafuna.

"Nimemaliza," alisema sasa, akitua mzigo wake mezani. "Silaha na Mavazi ya Kinga, toleo la kwanza. Nakala yangu ni hii, na hii ya msimulizi."

Dereva ndiye aliyeivuta nakala ya kwanza. Ndiye aliyeendesha lile gari la kusindikiza, mwanamke mwembamba ambaye gari lake lilikuwa na breki nzuri kuliko ulimi wake.

"Mbona kila ukurasa una mhuri?" aliuliza.

"Kwa sababu yako," Jedwali alimjibu, na hakuwa anatania, maana kutania hakukujua. Jumapili iliyopita alileta rasimu, na Dereva akaongeza kwa penseli kwamba mwizi wa farasi, yaani mhusika wake yeye, hapigiki siku za mvua. "Kuanzia leo ukurasa halali ni wenye mhuri wa Idara ya Usalama, tarehe na sahihi yangu. Usio na mhuri ni karatasi tu."

Koplo aliutazama ule mhuri wa zambarau. Wiki tatu ulishindwa kuigusa fomu yake, na hapa ulikuwa umegongwa mara mia na arobaini na nane kwa mkono, bila kuruka hata ukurasa mmoja. Alisikia hasira ikimpanda, akaimeza na chai.

Mchezo ukaanza. Majambazi walitokea darajani saa saba na nusu mchana. Saa tisa kasorobo walikuwa wanafyatua risasi ya nne. Kila risasi ilikuwa na jedwali la umbali, jedwali la upepo, la pembe, la urefu wa mtutu, na moja la unyevu wa kitambaa ambalo Jedwali alilifungua kwa heshima maalumu. Dadu zilitupwa, kikokotoo kikabonyezwa, kurasa zikapekuliwa mbele na nyuma. Mwizi wa farasi wa Dereva alikuwa ameruka kutoka darajani muda mrefu uliopita na bado yuko hewani, akisubiri ukurasa wa sitini.

"Ya tano," alisema Jedwali. "Hatua thelathini, upepo wa ubavuni, kitambaa kikavu. Nguvu ya risasi, kumi na nne. Fulana ya Nahodha ni kiwango cha nne, inazuia ishirini. Haikupenya. Madhara sifuri."

Nahodha alikuwa mhusika wake, kwa hiyo alikuwa shujaa, mrefu, na amevaa kila kilichoorodheshwa kitabuni.

"Ya sita?" aliuliza Mama Kantini.

"Sifuri."

"Afisa, majambazi wangu wana njaa. Wamefyatua, wamejaza tena, wamefyatua. Sasa tukiwapigia kwa pamoja?"

Jedwali akakubali, kwa shingo upande, kuzihesabu kwa mafungu. Baada ya robo saa Nahodha alikuwa amepigwa risasi kumi na tisa za kifua, zote sifuri, na bado amesimama katikati ya daraja anatoa hotuba.

"Hata kukohoa hakohoi?" aliuliza Mama Kantini.

"Kanuni haina kukohoa. Risasi isipopenya, hakuna jeraha."

"Kwa hiyo," Dereva akadakia, "nikimvalisha bibi yangu hiyo fulana, naweza kumpiga risasi mpaka jioni na yeye yuko zake anafuma sweta."

"Kitaalamu, ndiyo."

Dereva akaacha kucheka. "Siku ile nilikuwa kwenye usukani," alisema. "Nilimwona anavyoruka. Nilidhani nambeba maiti. Hebu muulize Koplo kama ni sifuri."

Jedwali alimgeukia Koplo, na ilionekana kabisa kwamba hapo ndipo alipokumbuka kuwa mtu anayekunywa naye chai na lile faili lililoko mezani kwake ni kitu kimoja.

"Ile ya ghalani," alisema. "Tukio namba kumi na saba."

"Ni mimi," alisema Koplo.

"Na unasema kulikuwa na athari?"

Koplo hakujua kwa nini alifanya alichofanya. Pengine ni lile neno, athari. Alifungua vifungo vya shati, akafunua. Doa lilikuwa limeanza kuwa la manjano pembezoni, katikati bado jeusi, upana wa kisahani. Dereva akatazama pembeni. Mama Kantini akaweka kisu chini.

Jedwali akatoa rula mfukoni.

"Naomba nipime," alisema.

Akapima. Rula ilikuwa ya chuma, ya baridi. "Sentimita kumi na mbili," alinong'ona. "Baada ya wiki tatu?"

"Baada ya wiki tatu."

Basi akaanza kuuliza. Ulianguka upande gani? Uliweza kuvuta pumzi? Ulikaa muda gani bila kusimama? Unaweza kukimbia? Kubeba je? Daktari alisema wiki ngapi? Aliuliza vizuri, kwa utulivu, akiandika kila jibu. Kampuni nzima hakuna aliyewahi kumuuliza Koplo maswali hayo, na yeye, mtu wa maneno ya kupimwa, akajikuta anamwaga yote: namna ladha ya chuma ilivyomjaa mdomoni, namna kupiga chafya kunavyomwogopesha, namna asivyoweza kumnyanyua binti yake wa miaka miwili na mtoto anajiuliza amekosa nini. Ni aibu kusema, lakini alifurahi. Alimtazama yule mtu akiandika, akadhani anaeleweka.

"Hii inabadilisha mfumo mzima," alisema Jedwali, macho yanang'aa. Akaandika palepale, kwa mwandiko wake wa serikali, kisha akasoma kwa sauti:

"Kifungu cha saba, c. Pigo lisilopenya. Risasi kuzuiwa na fulana si ushahidi kwamba mvaaji hakuumia. Mvaaji aliyepigwa kifuani ahesabiwe kuwa majeruhi hata kama hakuna tundu. Kwa muda wa wiki sita asibebe mzigo, asivae fulana nzito, wala asipangiwe kazi ya kusindikiza."

"Na punda?" aliuliza Mama Kantini. "Yule wa mbele naye kapigwa, na alikuwa na gunia kifuani."

Jedwali alifikiri kidogo tu. Akaongeza chini yake kifungu cha nane: Punda aliyepigwa apumzishwe siku hiyo hiyo bila masharti. Asilazimishwe kupanda mlima mpaka atakapokuwa tayari mwenyewe. Kisha akaondoka mbio kwenda ofisini kwake, akarudi na ukurasa wa arobaini na moja mpya, nakala mbili, wino wa mhuri bado haujakauka. Kwa kanuni mpya Nahodha alianguka chali katikati ya hotuba. Mwoka mikate akamkokota hadi kivulini, akamnywesha supu kwa kijiko, na Jedwali akasema hajapata kucheza mchezo mtamu kama huo.

Koplo alifika nyumbani uso umekunjuka. Mkewe, aliyekuwa akipanga mito kitandani, akamtazama kwa mashaka.

"Afisa amenielewa," Koplo alimwambia. "Nimemweleza yote."

"Amesemaje kuhusu fomu?"

"Fomu hatukuizungumzia. Lakini ameandika kila kitu, mpaka wiki sita za daktari."

"Ameandika wapi, baba watoto?"

Koplo akaona haya, akachukua mto akaanza kuupanga mwenyewe.

Barua ilimkuta getini Jumatatu saa mbili asubuhi, mkononi mwa tarishi. Ilikuwa fupi. Kwa kuwa risasi haikupenya, hakuna jeraha. Unatakiwa kuripoti kikosi cha usindikizaji siku ya Alhamisi. Koplo alisoma tarehe iliyoko juu mara tatu. Ilikuwa ya Ijumaa. Yaani pale Jumapili, Jedwali alipokuwa ameilaza ile rula yake ya chuma juu ya kifua cha mtu, barua ilikuwa imeshaandikwa, imekunjwa na imetiwa kwenye bahasha.

Aliacha geti kwa mwenzake akaenda mwisho wa ukumbi. Jedwali alikuwa anachonga penseli.

"Afisa, jana uliniona."

"Nilikuona."

"Ukapima."

"Nilipima, na nakushukuru sana. Kifungu kimekaa vizuri mno."

"Sasa hii barua ni ya nini?"

Jedwali aliichukua, akaikagua, akatafuta kosa la uchapaji, hakuliona, akairudisha. "Iko sawa," alisema. "Koplo, tusichanganye mambo. Ule ni mchezo. Mchezo usipokuwa na uhalisia watu hawauamini, wanaacha kuja. Fomu haihitaji kuaminiwa na mtu. Fomu inajazwa tu."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, kwa sauti ya mtu anayekuelekeza choo kilipo, na hilo ndilo lililomuumiza Koplo kuliko yote. Angekuwa adui, angemchukia akapumua. Huyu alikuwa amemsikiliza kwa saa nzima, ameelewa kila neno, kisha uelewa wote akaupeleka kwa Nahodha, mtu asiyekuwepo duniani.

"Nikitaka kukata rufaa?"

"Ni haki yako. Una siku tatu. Utaambatanisha waraka wenye mhuri wa Idara ya Usalama unaopingana na uamuzi."

"Mhuri huo anao nani?"

"Mimi."

"Utanipa huo waraka?"

Jedwali alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu wajuane. "Nitajipinga mwenyewe?"

Saa sita Koplo alikuwa kantini, barua mbele yake, chai imepoa. Alikuwa akiwaza namna ya kumwambia mkewe. Akawaza makreti. Akawaza yule mtu wa nyuma ya kontena, ambaye hakukamatwa, na ambaye safari ijayo atapiga palepale. Aliogopa, na hakujificha kwamba anaogopa. Macho yake yalizunguka bila kutafuta kitu mpaka yakatua kwenye rafu ya chumvi, penye kurasa sabini na nne na uzi wake wa kijani, na katikati, ukingoni mwa ukurasa mmoja uliochomoza, robo ya duara la zambarau.

"Mama," aliita, "ile nakala yako bado unaitaka?"

"Naitaka siku kuni zikiisha."

Akaishusha, akafungua arobaini na moja, akasoma taratibu kutoka juu hadi chini. Mvaaji. Majeruhi. Wiki sita. Asipangiwe kazi ya kusindikiza. Hapakuwa na neno mchezo, hapakuwa na neno mhusika, maana Jedwali aliandika kila kitu kama anavyoandika matangazo ya ukutani, hata angekuwa anamwandikia mchumba. Chini ilikuwepo sahihi yenye mikia mitatu, tarehe ya Jumapili, na mhuri: Idara ya Usalama.

Koplo akampelekea Mama Kantini ule ukurasa na ile barua, vyote pamoja. Mama Kantini akafuta mikono, akasoma kimoja, akasoma kingine. Kisha akachukua kisu cha vitunguu akakata uzi.

"Na punda yumo humu humu?" aliuliza.

"Tuko karatasi moja."

"Basi nendeni wote."

Jumanne Koplo na Jedwali waliitwa kwa Meneja kwa ajili ya rufaa. Meneja alikuwa mtu mkubwa mwenye meza tupu, aliyechukia vitu viwili: maelezo marefu, na kuonekana kwamba kuna karatasi hakuisoma. Upande mmoja alikaa Koplo, mgongo wima. Upande wa pili alikaa Jedwali, faili pajani, amekuja kushinda. Hakuwa ameonyeshwa kiambatanisho. Meneja alipoutelezesha mezani ule ukurasa, wenye doa la mafuta pembeni na harufu ya kitunguu, Jedwali aliutambua kabla haujatulia.

"Sahihi ni yako?" aliuliza Meneja.

"Ni yangu, bosi, lakini huu si—"

"Mhuri?"

"Wa idara. Lakini bosi, huu ni m—"

Akakatiza mwenyewe. Mdomo ulibaki wazi, neno limekaa nje ya meno, na Koplo aliona waziwazi lilivyorudishwa ndani.

Mwaka uliopita karani wa stoo aligonga mhuri wa kampuni kwenye karatasi ya ruhusa ya mwanawe shuleni. Alifukuzwa siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha mchana. Barua ya kumfukuza iliandikwa na Afisa Usalama, na Afisa Usalama ndiye aliyesisitiza kwamba mhuri si kitu cha kuchezea. Karani alilia pale ukumbini. Karatasi ya ruhusa ilikuwa moja, na Jedwali alikuwa na mia na arobaini na nane, tena za ziada mbili.

"Huu ni nini?" aliuliza Meneja. "Umetumia mhuri kwa kazi ya ofisi, au kwa mambo mengine?"

Jedwali alimtazama Koplo. Kwa mara ya kwanza alimtazama bila rula. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na macho yake yalikuwa yanaomba. Koplo hakumsaidia wala hakumzamisha. Alikaa wima tu, kama kawaida yake, akapumua kidogo kidogo, kwa sababu pumzi kubwa ilikuwa inauma.

"Kwa kazi ya ofisi," alisema Jedwali.

"Kwa hiyo ni waraka wa idara."

"Ndiyo, bosi."

"Na wewe," Meneja akamgeukia Koplo, "umeupata wapi?"

"Afisa aliuandika mbele yangu, Jumapili. Alinipima kwanza."

"Jumapili ulikuwa kazini?" Meneja akamtazama Jedwali kwa heshima mpya. "Vizuri sana. Barua ni ya Ijumaa, waraka ni wa Jumapili. Wa mwisho ndio unaofuatwa. Wiki sita getini, na hii ibandikwe ubaoni, kila mlinzi aijue." Akainua ukurasa akaupitisha macho tena, ili ijulikane ameusoma mpaka chini. Akakunja uso. "Na huyu punda?"

Jedwali alifungua faili, akalifunga tena.

"Punda ni tahadhari, bosi," alisema Jedwali kwa sauti iliyokuwa inatokea mbali.

"Tuna punda?"

"Kwa sasa hatuna."

"Lakini siku tukiwa nao, tumeshajipanga," alisema Meneja, akaridhika, akatia sahihi.

Jumatano asubuhi waraka ulikuwa ubaoni, karibu na geti, ukurasa mzima na doa lake la mafuta. Walinzi wa zamu zote mbili walikusanyika. Wawili miongoni mwao walikuwa na mapigo yao ya zamani yasiyopenya, na mmoja alikisoma kifungu cha saba huku mkono umeenda wenyewe kwenye ubavu. Dereva alijipenyeza mbele akasoma kwa sauti, na alipofika kifungu cha nane akasimama.

"Kaka Koplo, umeona? Punda anapumzishwa siku hiyo hiyo, bila masharti. Harudi kazini mpaka ajisikie mwenyewe. Wewe umepewa wiki sita za kuhesabu, tena kwa rufaa."

"Punda hakujaza fomu," alisema Koplo.

Walicheka wote, na Koplo akacheka pamoja nao, na kicheko kikamshika mbavuni vibaya mpaka akalazimika kushikilia ubao kwa mikono miwili, macho yamejaa machozi. Wenzake wakatawanyika kwenda kazini. Alikuwa bado ameinamia ubao alipoona viatu vya kuzuia misumari vimesimama karibu yake.

Jedwali alimtazama anavyojikunja, akatazama mkono ulioshika ubavu, na taratibu, kwa mazoea, akatoa kalamu na kijitabu.

"Bado inauma ukicheka?" aliuliza. "Baada ya wiki tatu na siku tatu?"

Koplo alingoja mpaka maumivu yapite, akajinyoosha.

"Unauliza kwa ajili ya fomu au kwa ajili ya mchezo?"

Jedwali alilifikiria swali hilo kwa dhati, kalamu imesimama juu ya karatasi. Lori lilikuwa linapiga honi nje.

"Mchezo," alisema.

"Basi katupe dadu," Koplo alimwambia, akaenda kufungua geti.